Samaki Aliye Majini ni wa Nani?

Wiki hii twajibu maswali mawili yaliyotufikia kwa pamoja kutoka kwa kikundi cha kina mama wanaofuga mwatiko katika mabwawa yaliyo nyuma ya mikoko. La kwanza: amewajia mnunuzi ambaye ataka kununua samaki wote walio bwawani kabla hawajakua, atoe nusu ya bei leo na nusu siku ya kuvua. Yafaa? La pili wameliuliza kwa uchungu zaidi. Wameambiwa kwamba bila leseni na bila kibali cha mazingira hawana haki ya kuwapo pale walipo. Je, bahari si ya Mungu?

Swali la kwanza lingetosha mistari michache ya ukurasa wa fatwa. La pili ndilo lililotufanya tuandike makala nzima, kwa sababu ufugaji wa baharini sasa hauachwi kutajwa katika mabaraza ya mwambao huu. Serikali yatunga sheria kwa mkono mmoja na kutoa ruzuku kwa mkono wa pili, na watu wetu wengi wanaingia katika jambo hili ama kwa kuiogopa sheria wasiyoijua, ama kwa kuitamani ruzuku wasiyoyauliza masharti yake.

Tuanze na bwawa. Imepokewa kwa Ibn Masud (r.a.) katazo la kununua samaki angali majini. Wanazuoni wa hadithi wameizungumza isnadi yake, lakini maana yake hawakutofautiana nayo: mtu hauzi asichoweza kukijua wala kukikabidhi, kwani hiyo ni gharar. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, samaki waliomo katika kidimbwi kidogo, wakawa waonekana na kukamatika pasi na taabu, wafaa kuuzwa hapo walipo. Lakini mnunuzi wa kina mama hawa hataki samaki wa leo, ataka samaki wa miezi mitatu ijayo, na hao hakuna ajuaye watakuwa wangapi wala watakuwa na uzito gani. Njia yao ya halali ni salam. Wauze uzito unaojulikana wa mwatiko wa ukubwa unaojulikana, kwa siku inayojulikana, na bei yote ilipwe katika kikao kile kile, si nusu. Wala mkataba usilifunge bwawa lao peke yake, usemi kwamba ni samaki wa bwawa lile tu. Bwawa lao likiharibika, wawe na ruhusa ya kununua mwatiko wa sifa ile ile kwingine na kutimiza ahadi. Mnunuzi akikataa kulipa yote mapema, basi na wangoje siku ya kuvua, wapime, wauze.

(Kaa tumewaacha kwa makusudi, ingawa vikundi vingi huwanenepesha. Hukumu ya kuliwa kwao ina maneno mengi katika madhehebu yetu, na hiyo ni makala ya siku nyingine.)

Sasa tuje kwenye bahari yenyewe. Ni kweli kwamba bahari ni ya Mungu, na hadithi mashuhuri aliyoipokea Abu Daud yawafanya watu kuwa washirika katika maji, malisho na moto. Lakini ushirika si kukosa mwenye kusimamia. Mali ya washirika isiyo na msimamizi huliwa na mwenye mkono mrefu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 62, inahesabu bahari ya taifa pamoja na sakafu yake, na ardhi yote iliyo baina ya maji kujaa na maji kupwa, kuwa ardhi ya umma, na imeikabidhi serikali ya kitaifa iishike kwa amana kwa niaba ya wananchi. Neno amana hapa si pambo. Anayeshika amana huulizwa, na anayeomba nafasi katika amana hiyo huulizwa vilevile.

Hapa yafaa tutofautishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kuna kufuga ndani ya mipaka: mwatiko na kamba katika mabwawa, mwani juu ya kamba zilizofungwa vigingini, chaza juu ya vichanja, samaki katika vizimba vya nyavu. Na kuna jambo kubwa zaidi ambalo twaweza kuliita machunga ya bahari, nalo ni kuzalisha vifaranga nchi kavu, kuwaachia baharini wakajilishe wenyewe kama ng'ombe waliofunguliwa malishoni, kisha kuwavua wakishakua. Aghalabu hujengewa na makao, matumbawe ya saruji au mawe yanayoshushwa chini ili samaki wapate pa kujificha.

Mwenye kufuga kwenye kizimba amjua samaki wake. Mwenye kuachia baharini je? Imam Nawawi katika Minhaj ametaja kwamba mtu akishammiliki windo, milki yake haiondoki kwa windo hilo kumponyoka, wala hata akiliachia mwenyewe, kwa kauli iliyo sahihi zaidi. Lakini mafakihi wakazungumza pia juu ya njiwa: njiwa wa mtu wakichanganyika na njiwa wa mwituni wasio na idadi katika nchi nzima, watu hawakatazwi kuwinda katika nchi hiyo. Mpaka wa milki umepotea ndani ya wingi. Basi mfanyabiashara akiachia vifaranga laki moja katika mlango wa bahari, na jirani yake akatega dema, nani atasema tewa yule ni wa nani?

Hiki ndicho kiini cha jambo zima, na ndicho kinachoeleza kwa nini serikali haina budi kuingia. Atakayeilipia kazi ya kuijaza bahari hana hakika ya kuvuna, na asiyelipa kitu ana hakika ya kupata fungu. Kila mmoja akihesabu hivyo, hakuna atakayeachia hata kifaranga kimoja. Na upande wa pili wa mizani uko vivyo hivyo: anayechafua maji kwa kinyesi na mabaki ya chakula cha samaki wake hapati hasara peke yake, bali humgawia kila aliye chini ya mkondo. Faida ya wema yatawanyika, na madhara ya ubaya yatawanyika. Ndiyo maana ruzuku yahitajika kwa la kwanza na sheria kwa la pili, na ndiyo maana kimoja bila ya kingine hakifai.

Wako waliotangulia katika haya, nasi twaweza kuwatazama. Huko Hokkaido, kaskazini ya Japani, samaki wa jamii ya salmoni huzalishwa na kuachiwa mitoni wakiwa wadogo, kiasi cha bilioni moja kwa mwaka kwa miaka mingi. Huenda baharini, hukaa miaka kadhaa, kisha hurudi katika mto ule ule walikoachiwa. Wavuvi wanaotega nyavu njiani mwao hukatwa sehemu ya mauzo kwa ajili ya kuendesha vituo vya vifaranga. Hapo swali la njiwa limepata dawa: anayevuna ndiye anayechangia, na haki ya kutega imegawiwa kwa vyama vya wavuvi, si kwa kila apitaye. Hata hivyo, katika miaka ya karibuni samaki wanaorudi wamepungua, na maji kupata joto yatajwa kuwa miongoni mwa sababu. Leseni haiamrishi bahari.

China nayo ilianza mwaka 2015 kuyapa baadhi ya machunga yake cheo cha kuwa mfano wa kitaifa, na hadi sasa yako zaidi ya 150. Serikali husaidia gharama za matumbawe ya kujengwa na za vifaranga. Hapo ndipo palipotokea kisa ambacho twatamani kila ofisa wa ruzuku katika kaunti zetu akisome. Kampuni ya Zhangzidao, yenye makao kwenye kisiwa karibu na mji wa Dalian, ilikuwa ikitawanya vifaranga vya kome wa thamani juu ya sakafu ya bahari na kuuza hisa zake sokoni. Mwaka 2014 ikatangaza kwamba kome wake wa mamilioni ya fedha wamepotea kwa sababu ya maji baridi. Mwanzo wa mwaka 2018 ikasema wamekufa kwa njaa. Mwaka 2019 ikasema wamekufa tena. Wenye hisa wakalia, na watu wakafanya mzaha kwamba kome wa kisiwa kile wana miguu. Wasimamizi wa masoko ya hisa hawakuweza kuteremka chini kuhesabu kome, basi wakachukua kumbukumbu za setilaiti za safari za mashua 27 za kampuni, wakaona mashua zilikwenda wapi hasa kuvua, na wakalinganisha na vitabu vya hesabu. Mwezi wa Juni 2020 wakatoa uamuzi kwamba hesabu zilikuwa za uongo. Mwenyekiti akapigwa marufuku ya maisha katika soko la hisa. Kampuni ikatozwa faini ya yuani 600,000, ambayo ndiyo iliyokuwa kiwango cha juu katika sheria ya wakati ule, na ambayo mbele ya hasara iliyotangazwa ilikuwa kama kupe juu ya ndovu.

Waliotukataza kuuza samaki angali majini hawakuwa wakiwabana watu bure. Kilicho chini ya maji hakionekani, na kisichoonekana ni rahisi kuzidishwa panapotakiwa ruzuku na kupunguzwa panapotakiwa kodi. Tofauti ya sasa ni kwamba anayedanganywa si mnunuzi mmoja sokoni bali ni hazina ya umma.

Norwei wameshika njia nyingine. Tangu mwaka 2017 wameigawa pwani yao katika maeneo 13, na kila eneo hupewa rangi kama za taa za barabarani kulingana na madhara ambayo chawa wa samaki wa vizimbani wanayafikisha kwa salmoni wa porini. Eneo la kijani, wafugaji waruhusiwa kuongeza uzalishaji kwa asilimia 6. La manjano, wabaki walipo. Jekundu, hupunguziwa asilimia 6. Kisha mwaka 2023 wakawekewa kodi ya ziada ya asilimia 25 juu ya faida ya ufugaji wa baharini, kwa hoja kwamba maji ni ya taifa, na wadogo wakaachiwa kiwango cha faida ambacho hakitozwi kodi hiyo. Tulichokipenda katika mpango wa rangi ni kwamba hapana haja ya ofisa kusimama ufuoni na kumwambia mtu wewe ni mwema au wewe ni mbaya. Jirani akichafua, wewe nawe hupunguziwa, basi majirani huanza kuangaliana.

Turudi kwetu. Sheria kuu ni ile ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi, Nambari 35 ya mwaka 2016. Ndiyo iliyounda Shirika la Huduma za Uvuvi la Kenya na ndiyo inayotaka mfugaji wa majini awe na leseni. Juu yake iko sheria ya mazingira ya mwaka 1999, inayosimamiwa na NEMA, yenye kutaka athari za mradi zipimwe kabla haujaanza. Mikoko nayo ilitangazwa kuwa msitu wa serikali tangu mwaka 1932, na leo iko chini ya Shirika la Huduma za Misitu. Na Katiba, katika Jedwali la Nne, imeipa serikali ya kitaifa ulinzi wa mali asili, ikataja uvuvi humo, na ikazipa kaunti kilimo, ikataja uvuvi humo pia. Kwa hiyo kikundi cha kina mama ishirini chenye mabwawa mawili kina milango minne au mitano ya kubisha, na kila mlango una fomu yake, nauli yake, na mara nyingine kijana wake wa pembeni anayesema anaweza kuharakisha.

Twasema wazi kwamba masharti haya hayakutungwa kwa inda. Bwawa la kamba likichimbwa ndani ya mikoko, udongo ule mweusi uliokuwa umefunikwa na maji miaka na miaka hupata hewa na kugeuka wenye asidi. Baada ya misimu michache bwawa huachwa, na mikoko hairudi. Kule Ngomeni mradi wa kamba ulijaribiwa tangu miaka ya 1970 kwa msaada wa mashirika ya Umoja wa Mataifa, na wazee wa Magarini wanaweza kuwaeleza vijana yaliyobaki. Vifaranga vya mwatiko aghalabu huzolewa baharini, na anayezoa kwa kyandarua huua vya samaki wengine wengi ambao hana haja nao. Mkulima wa mwani asiye na kamba na vigingi vya kununua hukata mikoko kufanya vigingi, akawa ajenga kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mwingine. Na anayeingiza samaki wa mbali asiye wa bahari hii huingiza na maradhi yake.

Basi kibali cha mazingira ni haki, na kukikwepa si werevu. Kisa cha watu wa mji wa kando ya bahari katika Surat Al-Aaraf twakijua sote. Walikatazwa kuvua siku moja katika wiki, na samaki wakawa wanawajia siku hiyo hiyo kwa wingi. Wafasiri wametaja jinsi walivyotega kabla ya siku yenyewe na kuzoa baada yake, wakidai hawakuvunja kitu. Walikuwa na kila hila ya mtu mwenye wakili mzuri.

Lakini sheria moja ikimwangukia mkubwa na mdogo kwa uzito mmoja, haiwi uadilifu. Sayyidna Umar (r.a.) alipotenga malisho ya umma na kumweka Hunayy kuyasimamia, wasia wake umo katika Sahih Bukhari. Alimtaka awafungulie wenye ngamia wachache na kondoo wachache, na awe na hadhari na mifugo ya Abdulrahman bin Auf na Uthman bin Affan, masahaba wakubwa wenye mali. Sababu aliitaja mwenyewe: hao wawili wanyama wao wakifa wana mitende na mashamba ya kurudia, ama yule mnyonge, wake wakifa atakuja na watoto wake mlangoni kwa Amiri. Huyu ndiye msimamizi wa ardhi ya umma anayejua kwamba leseni ni maji na malisho, si karatasi.

Kwa mizani hiyo, twaona mambo ambayo kaunti zetu tano za mwambao pamoja na serikali ya kitaifa zingeweza kuyafanya bila ya kungoja sheria mpya. Tangu mwaka 2019 kanuni za mazingira zimegawa miradi kwa kadiri ya hatari yake, midogo ikitosha kuandikiwa muhtasari badala ya tathmini kamili. Vikundi vingi havijui, hulipishwa na wakala ripoti ambayo hakuna aliyewataka. Ofisi za uvuvi za kaunti na zitangaze hilo misikitini na mabarazani kwa Kiswahili, na ziweke meza moja ya kupokea maombi yote. Tumewahi kuandamana na kikundi kimoja katika ofisi mojawapo, ambayo hatuitaji, tukaambiwa faili lao liko ofisi nyingine, na kule tukaambiwa liko la kwanza. Mtu mwenye kampuni huwa na karani wa kufuatilia. Mama mwenye bwawa hufunga bwawa siku ile.

Jambo la pili ni nafasi isiyotumiwa. Mtume (s.a.w.) alimpa Abyad bin Hammal mgodi wa chumvi wa Maarib. Alipoambiwa kwamba chumvi ile iko kama maji yasiyokatika, kila mtu huichukua, akairudisha kuwa ya watu wote. Na Sayyidna Umar alimwambia Bilal bin Harith abaki na kile alichoweza kukifufua katika ardhi aliyopewa, na kilichosalia kirudi kwa Waislamu. Imepokewa kwake pia kwamba aliyeweka mipaka juu ya ardhi kisha asiifufue, baada ya miaka mitatu hana haki nayo. Tunasoma haya darsani na kuyaona kama habari za kale, ilhali hapa pwani tumeyaishi katika chumvi yenyewe. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilifanya uchunguzi wa hadhara juu ya viwanda vya chumvi vya Magarini, na ripoti yake ya mwaka 2006 ilieleza malalamiko ya wenyeji juu ya ardhi na mazingira. Leo twasikia maneno ya kugawa sehemu za bahari kwa wawekezaji wa vizimba. Kila leseni ya eneo la bahari na iandikwe muda wake wa kuanza kazi. Mwenye kukaa nayo bila ya kufuga, irudi. Na njia ya wavuvi wa mitumbwi kupita isizibwe kwa maboya ya mtu ambaye hajashusha hata wavu mmoja.

Fedha zipo. Mpango wa KEMFSED, ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2020 kwa mkopo wa dola milioni 100, unagusa Kwale, Mombasa, Kilifi, Tana River na Lamu, na ndani yake mna ruzuku za vikundi na kituo cha kitaifa cha vifaranga na mafunzo huko Shimoni. Mkopo huu utalipwa na watoto wetu, kwa hiyo tuna haki ya kuuliza umejenga nini. Kituo cha vifaranga kikifanya kazi, kitaondoa haja ya kuzoa vifaranga porini, na hiyo pekee yashinda semina kumi hotelini. Ruzuku ya kamba za mwani na vigingi visivyo vya mikoko ina maana. Ruzuku ya fulana na mabango haina. Zanzibar, ambako mwani umelimwa kwa biashara tangu mwaka 1989, na wengi wa wakulima wake ni wanawake, kina mama walijifunza mapema kwamba mwenye kukupa kamba bure huja kukununulia kwa bei yake. Kikundi kikiona msaada wa namna hiyo, kisome mkataba kwanza.

Na fedha zilipwe kwa kilichohesabiwa. Baada ya kisa cha Zhangzidao, hakuna udhuru. Ofisa asitie saini idadi ya vifaranga vilivyoachiwa bila ya kusimama pale vikihesabiwa, mbele ya wazee wa BMU wa ufuo ule. Kanuni za mwaka 2007 ziliwapa watu wa fuo nafasi ya kushiriki katika kusimamia, na wao ndio setilaiti yetu.

Liko pia jambo linalotuhusu sisi hasa. Sehemu ya motisha hutolewa kwa sura ya mikopo yenye riba, na hapo ndugu zetu wengi husimama mlangoni. Wako wanaosema Waislamu wa pwani ni wavivu wa kuomba. La, wameombwa kuingia katika jambo ambalo dini yao imewazuia. Mshirika atoe mtaji na mfugaji atoe kazi, faida wagawane kwa fungu lililokubaliwa na hasara ya mtaji iwe juu ya mwenye mtaji, hii ni mudharaba, na haikuanza jana. Serikali inaweza kununua kwa salam, kwa mfano chakula cha shule au hospitali, ikalipa kikundi mapema bei yote na kupokea samaki kwa siku maalumu. Wawakilishi wetu katika mabunge ya kaunti wayapeleke haya katika kamati za bajeti.

Ulinzi nao usisahauliwe. Kusini-magharibi mwa Madagascar wanakijiji waliofuga majongoo ya pwani katika nyua za nyavu walilazimika kujenga vibanda vya walinzi juu ya maji, kwa sababu kinachofugwa mahali wazi huibiwa usiku. Kwetu mwizi wa bwawa hupelekwa kwa mzee wa mtaa, akaonywa, akarudi. Vikundi viandikishe mipaka yao kwa BMU, viandike daftari la walinzi, na gharama ya ulinzi iingizwe katika ombi la ruzuku tangu mwanzo.

Kina mama walituuliza kwa mdomo pia juu ya zaka, nasi twamaliza kwayo. Samaki hawana zaka ya wanyama kama ngamia, ng'ombe na mbuzi. Ikiwa mali ile yazungushwa kwa biashara, yaani vifaranga vilinunuliwa kwa nia ya kuuzwa, basi mwaka wa Kiislamu ukitimia hukisiwa thamani ya samaki waliopo pamoja na fedha zilizoko mkononi. Ikifika nisabu, hutolewa robo ya kumi, yaani asilimia 2.5. Mabwawa, nyavu, mizani na mashua haviingii katika hesabu hiyo. Kikundi chenye wanachama ishirini kimuulize mwalimu wa msikiti wao wa karibu kama nisabu hutazamwa kwa mali ya kikundi kizima au kwa fungu la kila mmoja, wamletee na daftari, kwani katika madhehebu yetu mali iliyochanganywa ina hukumu zake na haijibiki bila ya kuona mapatano yao. Wallahu aalam.